Mama ana betri ya moyo, sisi tunafunga sola: tuogope nini?

Habari zenu wapendwa wa safu hii. Naandika kutoka Morogoro. Naishi na mama yangu mzazi mwenye miaka 69. Mwaka 2017 aliwekewa betri ya moyo, upande wa kushoto chini ya mfupa wa bega, baada ya kuanguka anguka bila sababu. Tangu hapo hajambo, na kliniki anakwenda japo anaruka miadi.

Sasa tumeamua kufunga sola. Fundi ameleta inveta ya kilowati 3, mfumo wa volti 24, na betri ya lithiamu. Anataka kuvitundika koridoni, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipo kitanda cha mama. Kaka naye kanunua jiko la induksheni, na anasema akipata hela atachukua bodaboda ya umeme awe anaichajia nyumbani. Jirani kamtisha mama kwamba sumaku za vitu hivi zitausimamisha moyo. Mama sasa hataki hata simu. Friji naye hagusi, anasema linamtekenya vidole, ingawa hilo sote tumelizoea, ukiwa pekupeku lazima likutekenye.

Jingine: kliniki ya mwisho walisema betri yake imebakiza kama mwaka. Nimesoma kuwa Marekani wametengeneza betri ya moyo ndogo kama punje ya mchele, haina waya, inatumia mwanga. Je, tuisubiri hiyo kuliko kumpasua mama tena? Inveta iwekwe wapi? Jiko tulirudishe dukani?

Binti Mkubwa, Morogoro

JIBU

Binti Mkubwa, mpe mama shikamoo zetu na umwambie simu aishike. Umeuliza kuhusu inveta, jiko na bodaboda, halafu friji ukalipitisha kama jambo lililozoeleka. Kwetu friji ndilo la kwanza, tena la leo leo. Chomoa plagi yake, na mama asiliguse mpaka lipimwe.

Sababu ni hii. Betri ya moyo, au pesimeka, kazi yake kubwa ni kusikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, inanyamaza. Usipopiga ndani ya muda uliopangwa, inatoa msukumo wa volti 2 hadi 3 hivi, kwa muda usiofika nusu ya milisekunde. Inachokisikiliza ni kidogo mno: ishara ya moyo ndani ya chumba chake ni milivolti chache tu. Umeme unaovuja kwenye bati la friji unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na mtu akishika mpini akiwa pekupeku kwenye saruji unapita mkononi, kifuani, hadi miguuni. Kifaa kinaweza kudhani mtetemo ule ni moyo unapiga, kikanyamaza wakati moyo haujapiga. Vifaa vingi vina kinga: vikisikia kelele mfululizo vinaacha kusikiliza na kupiga kwa mwendo mmoja uliopangwa. Kinga hiyo hufanya kazi vizuri kelele ikiwa wazi na ya mfululizo. Kelele inayokuja na kukatika ndiyo inayosumbua.

Mkono wa mtu mzima huanza kuuhisi umeme wa namna hii kwenye nusu miliampea hivi. Mkitekenywa, basi kiasi kama hicho kimeshapita mwilini, na chini ya hapo mkono hauhisi ila kifaa kinaweza kuhisi, hasa kama waya wake, ule unaotoka kwenye kifaa hadi moyoni, umepangwa kusikiliza kwa mtindo wa yunipola. Yunipola husikiliza kati ya ncha ya waya iliyo moyoni na kopo lenyewe, yaani mwili wa kifaa ulio begani, masafa marefu kama antena. Baipola husikiliza kati ya vidoti viwili vilivyokaribiana kwenye ncha ile ile, kwa hiyo kelele ya nje haiingii kwa urahisi. Mama yuko upande gani? Kliniki wanalisoma hilo kwa dakika moja kwenye mashine yao. Waulizeni.

Sasa kupima. Aje fundi, na aje na mita iliyowekwa kwenye volti za AC. Kuna kosa la kawaida hapa: fundi anapima kati ya bati la friji na tundu la ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) la soketi, anapata sifuri, anasema poa. Kama waya wa ethi wa nyumba umekatika kule nje kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, bati la friji na tundu la ethi vimeunganishwa, na vyote viwili havifiki ardhini. Vitaonyesha sifuri kati yao, huku vyote vina umeme. Kipimo cha kweli ni kati ya skrubu ya friji isiyo na rangi na bisibisi ndefu iliyochomekwa kwenye udongo uliomwagiwa maji, hatua kadhaa kutoka ukutani, kwa waya mrefu. Friji liwe limechomekwa na linafanya kazi. Mkipata volti moja mbili, ethi iko sawa. Mkipata kama 100, bati linaelea: ethi haifiki, na umeme unapenya kupitia vifaa vidogo vya kuchuja kelele ndani ya friji. Mkipata 200 na zaidi, waya wa moto unaelekea umegusa bati. Zima swichi kuu, msiguse kitu.

Kinachosababisha hali ya katikati mara nyingi ni cha bei ndogo. Adapta ya pini mbili inayoiacha pini ya ethi ya plagi bila kugusa kitu. Ekstensheni ya mtaani yenye matundu matatu lakini ndani waya mbili. Kibano cha kutu kwenye fimbo ya ethi. Fimbo fupi kwenye udongo uliokauka. Fimbo ya chuma kilichopakwa shaba, urefu wa mita 1.2 au 1.5, ipigwe mpaka ibaki kichwa tu, mahali panapopata unyevu, si chini ya upenu. Kwa hesabu tupu, RCD (swichi ya kukata umeme unaovuja) ya miliampea 30 ingeridhika na ethi ya omu 1,667, maana volti 50 gawanya kwa ampea 0.03. Msiitegemee hesabu hiyo. Kiangazi udongo unakauka na namba inapaa, hivyo mwambieni fundi atafute chini ya omu 100 kwa mita ya ethi.

RCD yenyewe, ile swichi yenye kitufe cha T, hukata umeme ukivuja miliampea 30, na baadhi hukata kabla kidogo. Inaokoa maisha ya mtu aliyeshika waya wa moto. Mtekenyo wa miliampea moja haiuoni kabisa. Kwa hiyo kwa mama, ethi iliyo nzima ndiyo kinga, na RCD ni ya pili. Wekeni vyote.

Na hapa ndipo sola inapoingia kwa njia ambayo jirani hakuiwaza. Mkiwa kwenye umeme wa Tanesco, waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, umefungwa ardhini kwenye transfoma yao. Umeme ukikatika na inveta ikachukua kazi, inveta nyingi hukata nyutro ya nje, na ya kwenu inabaki inaelea isipofungwa na ethi ndani ya nyumba. Nyutro ikielea, RCD haina njia ya kuona uvujaji wa mara ya kwanza. Ipo ukutani, taa inawaka, na haitakata. Kubonyeza T hakutawaambia lolote, kwa sababu kitufe hicho hupitisha mkondo kati ya moto na nyutro ndani ya swichi yenyewe bila kupitia ethi. Kitabonyea na kuruka vizuri kabisa hata kama nyumba haina ethi hata kidogo.

Zimeni swichi ya Tanesco, nyumba iende kwa inveta, kisha fundi apime kwenye soketi: moto na ethi, halafu nyutro na ethi. Mkipata kama 230 na karibu sifuri, imefungwa. Mkipata kama 115 na 115, inaelea. Inveta nyingi za sasa zina rilei (swichi inayojiendesha) ya kufunga nyutro na ethi yenyewe ikiwa peke yake na kuachia Tanesco wakirudi, ila mara nyingi huwa imezimwa kwenye menyu au inahitaji kontakta ya nje. Fundi asifunge kipande cha waya cha kudumu kama mkato. Tanesco wakirudi kutakuwa na mafungo mawili, mkondo wa nyutro utatembea kwenye waya wa ethi, na RCD itaanza kuruka ovyo au ethi yenu kubeba umeme kila siku.

Tuje kwenye sumaku, ambayo ndiyo imemnyima mama usingizi. Pesimeka hutengenezwa zivumilie uga (nguvu) wa sumaku tulivu hadi militesla 1, yaani mikrotesla 1,000. Zaidi ya hapo swichi ndani yake hugeuka, na kifaa huanza kupiga kwa mwendo mmoja bila kusikiliza. Ukiondoa sumaku kinarudi. Moyo hausimami kwa hilo. Kliniki wenyewe hutumia sumaku hiyo kwa makusudi wakati wa kupima. (Kifaa cha kushtua moyo, kile kikubwa zaidi, ni habari nyingine: sumaku hukizuia kushtua. Hakikisheni kwenye kadi ya mama kwamba chake ni pesimeka.)

Inveta ya kilowati 3 kwa volti 24 inavuta ampea 125 kutoka kwenye betri ikiwa imejaa kazi. Waya mmoja wenye ampea 125, ukiwa peke yake, hutoa mikrotesla 250 kwa sentimita 10, na karibu 42 kwa sentimita 60, kiasi ambacho hakiko mbali na sumaku ya dunia yenyewe hapo Morogoro, mikrotesla 30 na kitu. Ile militesla 1 mnaikuta sentimita 2.5 kutoka kwenye waya. Anayelaza kifua chake juu ya waya wa betri ni fundi, si mama. Waya chanya na hasi zikifungwa pamoja kwa tepu mwanzo hadi mwisho, uga wake unafutana karibu wote. Zikiachwa zimetengana, moja ikipita juu ya mlango na nyingine chini, mmetengeneza kitanzi kikubwa kisicho na faida yoyote. Mngenunua ya volti 48, ampea zingekuwa 62 badala ya 125.

Lakini ukuta hauzuii sumaku. Tofali la inchi sita ni sentimita 15 za nafasi, basi. Inveta koridoni ikiwa nyuma ya kichwa cha kitanda, bega la mama linaweza kuwa sentimita 30 kutoka kwenye transfoma na koili za ndani, usiku kucha, na mkondo wake haujatulia: una mtetemo wa mara 100 kwa sekunde ambao pesimeka ingeweza kuusikia. Hatusemi utamdhuru. Tunasema hakuna sababu ya kujaribu, wakati kuhamisha skrubu nne ni bure. Wekeni ukuta mwingine, au geuzeni kitanda ili kifua kikae mbali zaidi ya sentimita 60. Na kwa ajili ya moto na joto, si chumba cha kulala kwa yeyote.

Jiko msirudishe bado. Induksheni hupasha sufuria kwa uga unaobadilika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ushauri wa kawaida kwa mwenye pesimeka ni sentimita 60 kati ya kifaa na jiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Irnich na Bernstein ulionyesha lini hatari inajitokeza: kifaa kikiwa yunipola, kikiwa upande wa kushoto, mtu akisimama karibu kabisa, na sufuria ikiwa haikukaa katikati ya koili. Yunipola pia inaweza kusikia mkondo unaovuja kupitia sufuria yenyewe mtu akiishika kwa muda mrefu. Hivyo sufuria ifunike duara lote, ikae katikati, na mwiko uwe wa mti.

Sentimita 60 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Chukua meza ya sentimita 80, na kifaa cha mama kiwe kwenye kimo cha sentimita 120 akisimama wima. Tofauti ya juu ni 40. Ili ule mshazari ufike 60, ukingo wa karibu wa jiko uwe sentimita 45 mbele ya kifua chake. Kwa hiyo jiko lisukumwe nyuma ya meza, na asiinamie kuonja. Linaloharibu hesabu ni kigoda. Jiko likiwa sakafuni na mama ameketi akikoroga ugali, kifua kinashuka hadi sentimita 30 au 40 kutoka kwenye jiko. Kama mama hawezi kupika amesimama, basi induksheni si jiko lake. Jiko la presha la umeme la kawaida, lenye koili ya kupasha chini, halina uga wa kutisha, linapika maharage kwa umeme mdogo kuliko majiko mengi, na inveta yenu italibeba. Angalieni tu boksi: machache ya bei kubwa nayo ni ya induksheni ndani.

Simu: sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, sikio la kulia, isiwekwe kwenye sidiria upande wa kushoto. Simu nyingi za iPhone kuanzia 12 zina pete ya sumaku mgongoni, na watengenezaji wake wanashauri sentimita 30 ikiwa inachajiwa bila waya. Ya kuogopa kweli ni mashine za mtaani. Ile ya kukanyaga miguu inayotetemesha misuli kwa umeme, na vibandiko vya umeme vya kuchua mgongo, ni marufuku kwa mama bila ruhusa ya kliniki. Zile za "kupima mwili mzima kwa kompyuta" kwa kushika vyuma viwili msimpeleke pia, na hizo hata asingekuwa na betri tungesema vilevile.

Bodaboda ya umeme ni ndogo ukilinganisha na yaliyokwisha kupimwa. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walichapisha mwaka 2018 majaribio ya wagonjwa 108 wenye vifaa vya moyo kwenye magari ya umeme. Mwaka 2023 wakaja na wagonjwa 130 na michajo 561 kwenye chaja za kasi za hadi kilowati 350. Mara zote mbili hawakuona kifaa kilichovurugika. Uga mkubwa ulikuwa kwenye kebo ya kuchajia, kwa hiyo mama asiikumbatie kebo. Ila sebuleni hapana, Binti Mkubwa. Betri ya pikipiki ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji. Ichajiwe nje au kwenye banda, mbali na mlango wa kutokea.

Sasa ile punje ya mchele. Ipo kweli. Timu ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakiwemo John Rogers na Igor Efimov, waliichapisha Aprili 2025: milimita 1.8 kwa 3.5, unene 1. Betri yake ni metali mbili zinazotumia majimaji ya mwili kama tindikali ya betri, na kiraka kifuani hutuma mwanga wa infraredi kupitia ngozi kuiambia ipige. Ni fizikia nzuri sana. Lakini imetengenezwa iyeyuke. Ni ya siku chache baada ya upasuaji, hasa kwa watoto wachanga wenye kasoro za moyo, ambao leo huwekewa nyaya za muda zinazovutwa kutoka kifuani baadaye. Imejaribiwa kwa wanyama na mioyo ya watu waliochangia viungo baada ya kufa. Mama yako anahitaji msukumo kwa miaka. Kuisubiri ni kusubiri basi la njia nyingine.

Betri ya moyo ya kudumu isiyo na waya ipo tayari. Moja iitwayo Micra iliruhusiwa Marekani mwaka 2016, hupitishwa kwenye mshipa wa pajani. Daktari ndiye ataamua kama inamfaa, ila mara nyingi kwa mtu mwenye waya zinazofanya kazi hakuna sababu ya kuziacha. Kubadilisha betri hufungua mfuko ule ule begani, kopo la zamani linachomolewa, waya zinapimwa na kuunganishwa kwenye kopo jipya. Kifuani hawaingii. Hofu ya "kumpasua tena" ni kubwa kuliko kazi yenyewe, ingawa hatari ya maambukizi ipo, na kidonda kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa maji mrudisheni siku hiyo hiyo.

Mwaka mmoja wa kliniki ni makadirio. Betri ya aina hii huwa na kama ampea-saa 1, na ikitumia mikroampea 12 kwa wastani inakwenda saa 83,000, yaani miaka 9 na nusu. Moyo ukianza kuitegemea zaidi, matumizi yanapanda na muda unafupika. Ikifika kiwango cha kubadilishwa, kwa kawaida imebaki akiba ya miezi 3 hivi, na baadhi ya vifaa hujipunguzia kazi vyenyewe kuhifadhi umeme, mtu akaanza kuchoka bila kujua kwa nini. Kwa hiyo miadi asiruke hata moja, na sasa ombeni ya kila miezi 3. Kama hospitali yenu haina mashine ya kusoma kifaa chake, waombeni rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kadi ya kifaa iende naye. Waulizeni mambo matatu: ni yunipola au baipola, asilimia ngapi ya mapigo inatolewa na kifaa, na mwendo wa chini umepangwa ngapi.

Hilo la mwisho mliandike kwenye kalenda ya jikoni. Kila asubuhi kabla hajainuka, hesabuni mapigo yake mkononi kwa dakika nzima. Kama amepangiwa 60 na mnapata 52, rudieni baada ya dakika tano, na ikibaki hivyo pigeni simu kliniki. Akisikia kizunguzungu karibu na kifaa chochote cha umeme, asogee kwanza hatua mbili ndipo mhesabu. Kama ni kelele ya umeme, itakoma akisogea. Akianguka, msihesabu kitu, mpelekeni.